Mlango Hakuna

Nyemo ananitumia picha kutoka Ujerumani:
kasri juu ya jabali, mto chini yake,
yeye ndani ya koti la kuazima, shingo ameizamisha.
"Kiingilio yuro tisa," anaandika,
"na njia ya msituni wameichora alama ya njano
kila baada ya miti kumi, hata mlevi hapotei.
Wewe likizo hii unatembelea wapi?"

Nikashuka Saranda alfajiri.
Treni ikaniacha na mfuko wa karanga
na mlima wote mbele yangu kama deni.

Njia ya Kilimatinde haina alama.
Unafuata kinyesi cha mbuzi; kikikoma, umepotea.
Unafuata ganda la muwa, kandambili iliyokatika,
mahali ambapo mwiba wa mgunga umebaki na uzi wa kanga
wa mtu aliyepita jana na haraka zake.
Nilipumzika mara tano. Mara ya sita nikajidanganya
kwamba natazama mandhari.
Nayo mandhari, kusema kweli, ilikuwepo:
bonde limejinyoosha hadi Bahi,
ukungu mwepesi kama uji wa mgonjwa,
na reli, uzi mmoja, ikishona kichaka kwa kichaka.

Babu wa babu yangu alipanda hapa na mawe.
Jina lake tunalo, Mbeleje.
Idadi ya mawe hatuna.
Nyumbani husemwa alirudi bega moja limeshuka,
na wanawe wote wakazaliwa wakitembea hivyo,
upande upande.
Uongo, bila shaka.
Lakini mtazame baba akienda dukani.

Boma lenyewe: kuta tatu na nusu.
Paa liliondoka na upepo, au na watu,
inategemea unamuuliza nani.
Mwenye ufunguo ni Mama Sechelela.
Mlango hakuna.
"Mbukwa," akanisalimu, huku anageuza mlenda
aliouanika kwenye tundu la bunduki.
"Bwana mkubwa alilala chumba kile. Sasa wanalala kuku.
Kiingilio? Nisaidie kushusha gunia hili."

Nikashusha. Uwele, debe tano.
Nikazunguka.
Unene wa ukuta: mkono wangu mpaka kwapani.
Nilipima, maana Nyemo angeuliza.
Nilitaka kukasirika. Hasira nilipanda nayo toka chini,
nimeibeba kama mtu anavyobeba barua ya mtu mwingine,
na sasa nimefika, simwoni wa kumkabidhi.
Kuku akapita. Nyuma ya ukuta mtoto alikuwa akiimba
tebo ya saba, na kila akifika saba mara nane
anakosea, anaanza upya.

Ndipo, kwenye kona, usawa wa goti,
ndani ya chokaa: vidole vinne.
Mtu aliegemea kabla haijakauka.
Labda alichoka. Labda alisukumwa.
Nikaweka vyangu, havikuingia.
Vile vilikuwa vidogo, vya mtoto,
au vya mwanamke mwembamba.
Basi si Mbeleje.
Basi ni nani?
"Mimi siku zote nilidhani paka alikanyaga,"
akasema Mama Sechelela. Akauacha mlenda,
akachutama taratibu, mkono kiunoni,
akautazama ukuta aliokaa nao miaka arobaini
kama mgeni aliyebisha hodi sasa hivi.

Usiku nikamtumia Nyemo picha ile.
Akajibu kabla sijafumba macho:
"Huku nako nimeviona, kwenye tofali la ngazi.
Ila wamezungushia kamba nyekundu. Kugusa marufuku."
Kisha kimya. Kisha:
"Vina joto, au baridi?"

Nikakumbuka chokaa ile saa tisa alasiri,
jua la kutwa nzima limo ndani yake.

"Vina joto," nikaandika.